Mkono wa Kushoto wa Bi Asumini

Nimesema uongo juu ya mjane, na niliusema nikiwa nimekaa kwenye matanga ya mumewe, kikombe cha kahawa mkononi, watu wananipa pole. Naanza na hilo ili usije ukanionea huruma mapema.

Mie ni mtu mzima, sitini na tano nimeshaipita. Jina sitaji. Watu wa Ghulail hapa Jeddah wakisoma watanijua tu, na waache wanijue. Shule nilisoma miaka miwili, naandika kwa kidole kimoja kwenye simu, kwa hiyo ukikuta makosa ya herufi yavumilie. Hayo ndiyo madogo.

Wazazi wangu walitoka Unguja baada ya mapinduzi, nami bado nashikwa mkono. Baba alibeba mizigo bandarini mpaka mgongo ukamshinda. Hakuniachia hata sindano. Nilijifunza kushona makochi kwa Myemeni mmoja aliyekuwa akinipiga vidole kwa futi ya chuma, na leo karakana ni yangu, mafundi sita wananiita Mzee, na kwenye nyumba za watu wakubwa wanakalia viti nilivyovishona mie. Sikusaidiwa na mtu. Nilizoea kulisema hilo kila nikipata pa kulisemea.

Miaka michache nyuma alinijia mtu wa tamasha kutoka Riyadh. Walitaka makaragosi makubwa ya kupita barabarani, marefu kuliko mlango wa gereji, ambayo mtu anaingia ndani ya moja akalibeba mabegani na kutembea nalo. Wahandisi wao walikuwa wametengeneza moja, zito kama tangi la maji. Mbebaji anakwenda hatua kumi anakaa chini. Nililitazama nikacheka. Nikamwambia yule bwana, hapa mmejenga nyumba, hamkujenga mtu. Mtu ana mifupa myembamba na nyama laini.

Nikawatengenezea. Mifupa nikaifanya ya mabomba ya aluminiamu, nyama ya sponji la makochi, ngozi kitambaa. Mwaka wa kwanza nilifanya mchota maji wa kale wa Hijazi na mzamia lulu. Watu walisimama juu ya magari kuwatazama. Mie, mtoto wa hamali, nikapelekwa kupiga picha na watu waliovaa majoho.

Halafu mwaka ule wakasema kila jamii iliyokaa nchini ilete jitu lake. Sie Waswahili wa Ghulail tukakusanyika, kila mtu ana lake. Mmoja anataka nahodha, mwengine anataka sultani. Mie nikasema hapana, nitaleta bibi. Bibi mmoja wa Kiunguja, kanga mbili, kipini puani, sinia la asumini mkononi. Wote wakakubali, maana kila mtu alimwona bibi yake.

Ndiyo akazaliwa Bi Asumini. Mita nne na nusu. Uso wake nilimaliza wiki tatu kuuchonga, nikikata sponji kidogo kidogo kwa kisu cha moto. Mama mmoja mtu mzima aliingia karakana, akamwona, akamwamkia shikamoo. Wallahi alimwamkia.

Mbebaji alikuwa mtu wangu, nitamwita Salum, ingawa si jina lake. Miaka kumi na minne alikuwa mkono wangu wa kulia. Mfupi, mabega kama mlango, mcheshi. Akiwa ndani ya Bi Asumini kwenye mazoezi hanyamazi. "Fundi," ananiambia, "mke wangu ameshaanza wivu. Ati kutwa nzima niko ndani ya nguo za mwanamke mwengine."

Mkewe nitamwita Riziki. Mkenya wa Malindi. Alikuja Riyadh kama mfanyakazi wa ndani huko Al-Malqa, kwenye jumba la madam mmoja, akamaliza mkataba wake, akaolewa na Salum wakaja kukaa Ghulail. Akipika mahamri ya kuuza, na mtaa mzima ukiyala huku ukimsema. Ndugu za Salum hawakumpenda tangu siku ya kwanza. Kwao alikuwa mtumishi aliyepata bahati. Salum na Riziki walikuwa na binti mmoja, wakati ule ana miaka sita.

Sasa nikueleze alama, maana bila alama hutaelewa dhambi yangu.

Barabarani, kwa ngoma na vipaza sauti, huwezi kumsikia mtu aliye ndani ya karagosi. Yeye anaona kidogo tu kupitia wavu ulioshonwa kifuani. Macho yake ni kiongozi anayetembea mbele na bakora. Kiongozi nilikuwa mie. Nikigonga bomba mara moja, maana yake subiri. Mara mbili, shuka.

Na yeye aliye ndani ana kamba mbili. Kamba ya kulia inainua mkono wa kulia, nao ni wa kusalimia watu. Kamba ya kushoto inainua mkono wa kushoto. Huo hausalimii. Unajua sie kwetu mtoto akimpa mtu kitu kwa kushoto anapigwa kofi la kiganja. Kwa hiyo nikaweka sheria: mkono wa kushoto ukiinuka, mbebaji amezidiwa, mshushe papo hapo. Hakuna wa kukosea, maana hakuna mtu wetu mwenye adabu atakayemfanya bibi asalimie kwa kushoto. Nilijiona nina akili kuwashinda wahandisi wote wa Riyadh.

Alama hiyo tuliijua watu wawili tu, mie na Salum.

Sheria nyengine nayo ilikuwa yangu. Karagosi halishushwi mbele za watu. Mwaka uliotangulia jitu la wenzetu fulani lilishushwa katikati ya njia, akatoka mtu anahema, fulana imemganda, watoto wakacheka mpaka wakalia. Mie niliwasimanga wale mafundi mwaka mzima. Nilisema, jitu langu likifunguka barabarani nitafunga karakana. Nililisema mbele ya watu, na mbele ya Salum.

Basi tukaenda Riyadh, Bi Asumini amelazwa kwenye lori, sie mbele. Tukafikia nyumba ya kupanga pale Malaz, maana maandamano yalikuwa yapite mtaani hapo hapo Alhamisi alasiri. Msimu ulikuwa wa baridi kuanza lakini joto lilikataa kuondoka.

Asubuhi ya Alhamisi Riziki akapiga simu. Salum akazungumza naye, akacheka, kisha akanipa mie simu. "Anakutaka wewe, Fundi. Mie hanisikii."

Riziki akaniamkia, akaniambia, "Baba, kifua kinambana tangu juzi. Anaficha. Mimi nimemwambia asibebe, amekataa, ati Mzee atabaki na nani. Nakuomba mwangalie."

Nikamjibu kwa kiburi changu chote kwamba huyu ni mtoto wangu kabla hajawa mume wake. Akanishukuru! Nikarudisha simu. Nikamuuliza Salum, kifua vipi? Akasema gesi tu, Fundi, mahamri ya mke wangu. Tukacheka, halas, yakaisha, tukaendelea kufunga mikanda. Nilikuwa na wabebaji wengine wawili wamekaa pale wanakunywa chai. Ningeweza kumbadilisha. Lakini hakuna aliyejua kumtembeza Bi Asumini kama yeye. Wengine walimtembeza kama ngazi. Salum alimtembeza kama mtu aliyezaa watoto saba.

Tulipoanza alikuwa mzuri ajabu. Anainama, anainua mkono wa kulia, watoto wanapiga kelele. Mbele, kama mwendo wa robo saa, palikuwa na jukwaa la wageni wakubwa na kamera zote. Pale tulitakiwa Bi Asumini ainame, amwage maua ya sinia lake. Jambo hilo lilikuwa limekaa kichwani mwangu miezi minne. Sikuota kingine.

Tukiwa hatujafika nusu ya njia, mkono wa kushoto ukainuka.

Niliuona. Sitakwambia sikuuona. Uliinuka mpaka kwenye sikio la bibi, ukashuka.

Nikatazama mbele, jukwaa linaonekana. Nikatazama pembeni, watu wamejaa pande zote, simu zimenyanyuliwa. Nikagonga bomba mara moja. Subiri.

Akasubiri. Ndivyo alivyokuwa, ukimwambia subiri anasubiri.

Ukainuka tena. Nikagonga tena mara moja. Na watoto wa pembeni, ole wangu, watoto wakadhani bibi anawasalimia. Wakainua mikono yao, wanampungia. Kila mkono wa kushoto ukiinuka, mtaa mzima unapunga. Watu wanacheka kwa furaha, nami nikaanza kutabasamu nao.

Nikasogea karibu na kifua cha karagosi, kama kiongozi anayerekebisha kanga. Nikamsikia. Sauti ilikuwa ndogo, haikuwa na mzaha.

"Fundi, nishushe."

Nikamjibu, "Bado jukwaa, mwanangu. Hatua chache."

Hazikuwa chache.

Akaanza kuyumba. Bi Asumini akawa anakwenda upande huu, anarudi upande ule, na wapiga ngoma walipoona hivyo wakamfuata, wakabadilisha mdundo uende naye. Watu wakasema bibi anacheza. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Hakuna aliyewahi kumwona karagosi akicheza vile, hata mie mwenyewe. Na mie niliyekuwa najua, moyoni nikasema, lahaula, huyu Salum ni fundi kunishinda!

Tukafika jukwaani. Nikamwashiria. Akainama. Maua yakamwagika yote mara moja, watu wakasimama wakapiga makofi. Lakini hakuinuka. Nikasubiri. Nikamchoma kwa ncha ya bakora ubavuni, pale palipo na sponji jembamba, nikasema inuka. Akainuka. Sijui aliinuka kwa nguvu gani na za nani.

Tukapita jukwaa, tukakata kona ya uchochoro wenye magari ya maji, hapo ndipo paliporuhusiwa kushusha. Nikagonga mara mbili. Bi Asumini akashuka mzima kwa mara moja, kama hema lililokatwa kamba. Tulipofungua nyuma, Salum alikuwa amepiga magoti ndani ya mikanda, kichwa kimelala begani kwake. Kamba ya kushoto ilikuwa imezungushwa kiganjani mara nyingi, hata tukashindwa kuifungua, tukaikata.

Hospitali walisema moyo na joto. Ijumaa kabla ya adhuhuri akafariki. Akazikwa Riyadh siku ile ile baada ya alasiri. Ndugu zake wanaume walikuja mbio kwa gari. Riziki alibaki Jeddah na mtoto. Hakumwona.

Sasa ndiyo nakuja kwenye uongo.

Matanga yaliwekwa Ghulail, nyumbani kwa kaka yake mkubwa. Wanaume barazani, wanawake ndani. Nimekaa, nimepewa kahawa, kaka mkubwa akaniuliza mbele ya wote, "Mzee, wewe ulikuwa naye. Ilikuwaje?"

Watu arobaini wananitazama. Na kila mmoja wao alikuwa ameshaniona kwenye simu yake, natembea mbele ya Bi Asumini kama mfalme.

Nikasema, "Asubuhi alizungumza na mkewe kwenye simu. Walizozana. Ilipokwisha alikuwa amechafuka, nikamwambia apumzike, akakataa."

Maneno hayo tu! Hayajazi hata kiganja. Walizozana. Ndiyo kusema sikudanganya lote, maana kweli alimkataza na yeye akakaidi. Nilichukua huruma ya mwanamke nikaigeuza ugomvi, basi. Nikawaona wale ndugu wanatazamana. Nilichokuwa nawapa walikuwa wamekingoja miaka minane.

Siku ya tatu Riziki aliomba kuniona. Alikaa nyuma ya pazia la mlango, sauti imekauka. Hakuniuliza kuhusu simu, nadhani maneno yalikuwa bado hayajamfikia. Aliniuliza kitu kimoja.

"Baba, nimeona video. Mbona bibi alikuwa akipunga mkono wa kushoto? Salum hata chumvi hakuwahi kunipa kwa kushoto."

Nikasema kamba ya kulia ilikatika.

Akasema, "Aa." Kisha akasema, "Ahsante, Baba, kwa kuwa naye mpaka mwisho."

Nilitoka pale nikaenda zangu. Na nilikula chakula cha mchana. Sikufichi kitu, nilikula na nikaongeza.

Yaliyofuata sikuyafanya kwa mkono wangu, lakini yote yalitoka mdomoni mwangu. Mtaani ikaenea kwamba Mkenya kamuua mumewe kwa simu. Wanawake wakaacha mahamri yake. Kuna aliyemwambia uso kwa uso kwamba ulimi wake una sumu. Ikama yake, kile kibali cha kukaa nchini, ilikuwa juu ya mumewe. Mume kafa, ikama nayo ikafa, na wa kumhangaikia hakuwepo. Ningeweza kuwa mie, najua milango ya kugonga. Sikugonga hata mmoja. Eda ilipokwisha wakamkatia tiketi ya kwenda kwao. Mtoto wakabaki naye. Kaka mkubwa alisema binti wa Salum atalelewa na watu wa Salum, si na mwanamke aliyemtia baba yake kaburini.

Nilikuwepo aliposema. Nikatikisa kichwa kama mtu anayekubali jambo la busara.

Siku ya safari walimpitisha mbele ya karakana yangu. Nilikuwa nimeshika mkasi. Riziki alishusha kioo cha gari akaniaga. Alikuwa anashukuru bado! Nikainua mkono, nikaona nimeinua wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na mkasi. Nikaushusha haraka kama niliyeungua.

Tangu hapo sina amani, na sisemi amani ya hadithi. Nasema mchana kweupe, duka limejaa watu.

Ile video haifi. Watu wanaipenda. Kila wiki kuna mtu ananitumia, hata jamaa walioko Unguja na Maskati: "Mzee, mwone bibi yako anavyocheza!" Shemeji yangu aliiweka iwe mlio wa simu yake, basi tukikaa kunywa chai nasikia ile ngoma iliyobadilishwa mdundo. Watu wananiuliza siri yake nini. Nawaambia mazoezi.

Mtoto akinipungia barabarani, natazama kwanza ni mkono gani. Kwenye gari la shule niliona kijidoli kimegandishwa kiooni, kinapunga chenyewe kwa nguvu ya jua. Nilisimama katikati ya barabara, mpaka mtu akanipigia honi na kunitukana.

Na Bi Asumini mwenyewe wamenirudishia. Yuko karakana, ananing'inia kwenye kulabu ya dari, nimemfunika shuka. Kiyoyozi kikiwaka, upepo unaingia kwenye mkono mpana wa gauni, na ule wa kushoto unanyanyuka kidogo. Nilimfunga kwa waya. Likanyanyuka bega. Mwisho nikamkata mkono wote, nikautia kwenye gunia, nikauweka nyuma ya mabunda ya sponji. Mafundi wangu waliniona. Hakuna aliyeniuliza. Siku hizi wanasali alasiri msikitini, zamani walikuwa wakisali hapo hapo karakana, chini yake.

Kisha mwezi uliopita yule mtu wa tamasha akapiga simu. Furaha tele. Alisema mwaka huu wanamtaka tena Bi Asumini, watu wanamuulizia, na tafadhali acheze vile vile alivyocheza.

Vile vile.

Nikakata simu. Nikakaa chini kwenye vumbi la sponji, mie ambaye hata mafundi hawajawahi kuniona nimekaa chini. Ndipo nikajua kwamba nisiposema, nitatafuta mbebaji mwengine. Najijua. Ningemtafuta, na ningemfundisha kuyumba.

Ijumaa nikaenda kwa kaka mkubwa. Nikamkuta na nduguze wawili. Nikawaambia yote, alama, mkono, nishushe, bado jukwaa. Nikawaambia kwenye simu hapakuwa na ugomvi, mwanamke alikuwa ananiomba nimwangalie mumewe. Nilidhani watanipiga. Nilikwenda nimevaa kanzu ya zamani kwa ajili hiyo.

Hawakunipiga. Kaka mkubwa aliniwekea chai. Aliniambia kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa, "Mzee, umri huo unachanganya mambo. Ajali ni kadari. Tumeshazika."

Nikamwambia sijachanganya. Nikamwambia mrudishieni mtoto mama yake.

"Mtoto ana shule," akasema. "Na wewe una heshima yako hapa mtaani, na sisi tuna yetu. Kunywa chai."

Unaona? Uongo wangu ulikuwa umeshakuwa nyumba ya watu, wanaishi ndani, hawataki kuhama. Fundi mwenyewe anagonga mlango anasema nyumba hii ni mbovu, wanamwambia nenda ukalale.

Mtoto alipita sebuleni na begi la shule. Amerefuka. Akaniamkia, nikaitika, akapita.

Nikampigia Riziki. Yuko kwao Malindi, nambari niliipata kwa tabu. Alipokea, akaijua sauti yangu kabla sijajitaja.

"Baba, shikamoo."

Sikuitika marahaba. Nikamwambia, Riziki, usiniamkie kwanza, nisikilize. Nikasema yote mfululizo, bila kupumua, maana nilijua nikipumua nitapunguza. Nilipomaliza nikasikia kuku kwao, na mtu anasukuma mkokoteni.

Mwisho akasema, "Umewaambia wao?"

"Nimewaambia."

"Na mwanangu?"

"Wanasema ana shule."

Sikumsikia kulia. Ningependa angelia, au angenilaani, mtu akilaaniwa angalau anajua pa kusimama.

"Basi andika," akasema. "Ya mdomo watayakana, watasema umezeeka. Andika mahali watu wanasoma. Wasome wale walioniambia nimemuua mume wangu kwa ulimi. Na mimi nipate kitu cha kumpelekea kadhi."

Nikamwambia nitaandika.

Nilidhani amekata. Kumbe yupo.

"Aliinua mara ngapi?" akaniuliza.

Na mie, mzee mzima, niliyempigia kwa ajili ya kusema kweli, nikasema, "Mara tatu."

"Mara tatu," akarudia polepole. Kisha akasema, kwa upole ambao sikuustahili, "Mara tatu si nyingi, Baba. Labda ya kwanza hukuifahamu."

Nikasema ndiyo. Labda sikuifahamu.

Basi wewe unayesoma, kama kuna watu walio chini ya mkono wako, wajenzi, madereva, wasichana wa ndani, yeyote anayebeba kitu ili wewe usifiwe, nisikilize mie mjinga wa darasa la pili. Mtu akikwambia nishushe, mshushe. Mshushe hapo hapo, mbele za watu, wacheke wanaotaka kucheka. Aibu ya barabarani inakwisha kabla watu hawajafika makwao. Na ukishakosa, usitafute mnyonge wa kumtwika. Mnyonge hana wa kumsemea, ndiyo maana uongo juu yake unashika haraka na hautoki tena, hata wewe uliyeuanzisha ukiuvuta kwa mikono miwili.

Riziki, haya ndiyo maandishi uliyoyataka. Mpelekee kadhi, na nikiitwa nitakuja kuyasema kwa jina langu na la baba yangu.

Hazikuwa tatu. Zilikuwa saba. Na ya kwanza niliifahamu.